Kumtafutia mwenzako amani: Biblia inataka tufanye nini haswa, na mbona inakuanga ngumu hivyo

Kuna mistari miwili kwa Biblia ambayo huku kwetu watu wanapigananga nayo na wote wako sawa. Wa kwanza ni Mathayo 5:9, heri wapatanishi, maana hao wataitwa wana wa Mungu. Wa pili ni Mithali 26:17, ule unasema mtu anayepita njia akaingilia ugomvi usiomhusu ni kama aliyeshika mbwa masikio. Sasa majirani zako wawili wanatupiana maneno juu ya mpaka wa shamba, shangazi anakuambia enda uwapatanishe wewe si ndio mtu wa kanisa, mjomba naye anakuambia kaa kwako hiyo maneno haikuhusu, na kila mmoja ako na andiko lake mkononi. Na ukweli ni kwamba mbwa ukishamshika masikio kushika si shida, shida ni utamwachilia aje.

Nimeona watu wengi wakichagua andiko moja na kuficha lingine. Lakini yote mawili yako kwa kitabu kimoja na ukiyasoma polepole yanakuonyesha kazi yenyewe iko wapi na mwisho wake ni wapi.

Kwanza tutoe mchanganyiko. Kanisani tunaongeanga juu ya amani tatu tofauti bila kusema tunamaanisha gani. Kuna amani yako na Mungu, hiyo ya Warumi 5. Kuna amani yako wewe na mtu mliyekosana, hiyo Yesu aliisemea kwenye Mathayo 5:23-24, ukikumbuka ndugu yako ako na neno juu yako acha sadaka hapo mbele ya madhabahu uende mpatane kwanza. Halafu kuna ya tatu, amani ya watu wengine kabisa, wewe hujakosana na mtu yeyote, hujaitwa kortini, ng'ombe yako iko kwa zizi, lakini unatoka kwako unaenda kutafuta wale wawili wapatane ama mji ule utulie. Hii ya tatu ndio naongelea. Hizo mbili za kwanza mahubiri yake ni mengi na kila mtu anajua anapata nini, hii ya tatu ukiuliza mtu anapata nini ananyamaza. Zaburi ya 122 inamalizika nayo, mwimbaji anautakia Yerusalemu amani halafu anasema ni kwa ajili ya ndugu zake na rafiki zake, na kwa ajili ya nyumba ya Bwana. Yeye mwenyewe hajajiweka kwa hiyo orodha.

Andiko lililo zito kuliko yote kwa hii maneno, kwangu mimi, ni barua ya Yeremia sura ya 29. Watu wanapendanga kuchukua mstari wa 11 peke yake, ule wa mawazo ninayowawazia, wanaubandika kwa kadi za kumaliza shule na kwa kioo cha nyuma cha matatu, wanaruka mstari wa 7. Hali ilikuwa hivi: mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadreza alichukua mfalme Yekonia na mama yake na wakubwa na mafundi na wafua chuma akawapeleka Babeli. Wako huko wanalia. Nabii mmoja anaitwa Hanania anasimama Yerusalemu anasema poleni, miaka miwili tu na wote watarudi na vyombo vya hekalu vitarudi, hata akachukua nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja watu wakiona. Unabii mtamu. Yeremia akaandika barua kusema hapana, ni miaka 70, jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, ozesheni watoto wenu, na huo mji mliopelekwa mateka utakieni amani na muuombee kwa Bwana, kwa sababu ukiwa na amani nanyi mtakuwa na amani.

Soma tena uone alichoambiwa huyu mtu wa Yuda. Haambiwi aombee kwao. Anaambiwa aombee Babeli, mji wa wale waliomvuta kwa kamba. Na ndio, Yeremia anataja faida, mtapata amani ndani ya amani yake, lakini angalia faida inapitia wapi, inaanzia kwa yule mwingine ndio ikufikie wewe, hakuna njia ya mkato ya kuomba yako peke yako.

Sasa ukikaa Nakuru hii barua inakugusa bila kubisha mlango. Nakuru karibu kila mtu ametoka mahali. Mluhya ako mtaa wa Kaptembwo, Mjaluo, Mkisii, Mkikuyu na Mkalenjin wote wako ploti moja wanatumia bomba moja, na Disemba ikifika stendi inajaa watu wakienda nyumbani. Mtu amekaa Nakuru tangu akiwa kijana, watoto wake hata hawajui lugha ya mama vizuri, lakini ukimuuliza anakuambia hapa nimekuja tu kutafuta. Maombi yake yote ya amani yanashuka Timboroa yanaelekea magharibi. Hapo ploti hajui jina la mama wa mlango wa nne. Huyo ndiye Yeremia alikuwa anamwandikia.

Kuombea ni sehemu ya kazi, sitaki mtu aseme nimedharau maombi. Ibrahimu kwenye Mwanzo 18 anasimama mbele ya Mungu anapunguza bei kutoka watu 50 mpaka 10 kwa ajili ya Sodoma. Mpwa wake Lutu anaishi huko na angeweza kuomba Lutu pekee atolewe, lakini jina la Lutu halimtoki mdomoni hata mara moja, anabargeinia mji mzima. Paulo naye anamwambia Timotheo watu waombewe wote, mpaka wafalme na wenye mamlaka, ndio tuishi maisha ya utulivu. Kwa hivyo kuomba kuko.

Lakini kuna vile kuomba amani kumekuwa huku Kenya na lazima tuseme. Kila miaka mitano uwanja unajaa, wanasiasa wanakaa mbele kwa viti vya kitambaa, maaskofu wanashikana mikono, kwaya inaimba, na ujumbe unaobaki kwa masikio ya mtu wa kawaida ni kwamba nyamaza. Baada ya uchaguzi wa 2013 maneno yalikuwa kubali tusonge mbele, na ukiuliza swali lolote unaonekana adui wa amani. Hiyo si ya Yeremia. Yeremia yule yule aliyeandika hiyo barua ndiye kwenye sura ya 6 anagombeza makuhani na manabii wanaoponya jeraha la watu juu-juu tu wakisema amani, amani, na hakuna amani. Mtu mmoja, kinywa kimoja. Anayetakia mji amani ndiye huyo huyo anayekataa kidonda kifunikwe na usaha ndani.

Na hapa Nakuru tulikuwa na mfano wa wazi. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki alikuwa askofu wa Katoliki wa Nakuru kuanzia 1971 mpaka 1996, na wakati wa mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini mwanzo, Molo na huko kote kukichomeka, yeye alisimama akasema wazi kwamba wakubwa serikalini walikuwa na mkono hapo. Wengine walimwona mchochezi. Mimi naona alikuwa anatafutia watu amani, juu huwezi kutafutia mtu amani na unaogopa kusema nani anamchomea nyumba.

Haya, turudi kwa swali la mbwa na masikio. Utajua aje huu ugomvi ni wa kuingia na ule ni wa kupita?

Kuna kisa kwenye Luka 12 ambacho watu wanasahaunga. Mtu mmoja katikati ya umati anamwambia Yesu, mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi. Ukiangalia haraka unaona hii si ndio nafasi ya upatanishi, ndugu wawili, shamba la baba, kesi ambayo kila boma la Bungoma na Siaya inaijua. Yesu anakataa. Anamuuliza ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu, halafu anageukia watu anawaonya juu ya choyo. Mfalme wa amani mwenyewe anakataa kesi! Lakini angalia huyo jamaa alitaka nini. Hakuomba wapatane. Alitaka mtu mwenye jina kubwa amsaidie kushinda, na ndugu yake hata hatujaambiwa kama alikuwa hapo. Ukikubali kazi kama hiyo unakuwa rungu la mtu mmoja umevaa kola ya pasta.

Linganisha na Wafilipi 4. Pale kuna kina mama wawili, Euodia na Sintike, wamefanya kazi ya Injili pamoja na sasa hawasikizani. Paulo anaandika namsihi Euodia, namsihi na Sintike, anarudia kumsihi kila mmoja kivyake, hakuwaweka kwa sentensi moja kama mzigo na hajasema nani alianza. Halafu anamgeukia mtu wa tatu, mwenzake wa kazi ambaye jina hatujaambiwa, anamwambia na wewe uwasaidie hawa wanawake. Huyo wa tatu ametumwa. Anawajua wote wawili, wote wawili wanamjua, na kazi yake ni kusaidia, si kuhukumu. Hapo ndipo tofauti iko. Yule wa Mithali ni mpita njia, hajaitwa, hana historia na hao watu, amesikia kelele tu akaingia. Kwa hivyo shangazi na mjomba wote wako sawa, inategemea wewe ni nani kwa hiyo kesi.

Acha niwaonyeshe vile hii inafanyika na mikono. Kuna mama mmoja wa kanisa huko Vihiga, sitamtaja, ambaye watu humwita kukiwa na maneno. Vihiga mnajua, mashamba ni madogo sana, mtu ako na robo eka na ndugu yake ako na robo, ng'ombe ikivuta kamba kidogo tu tayari iko kwa mahindi ya jirani. Sasa ndugu wawili walikuwa wamekosana hivyo, ng'ombe ya mkubwa imekula mahindi ya mdogo, mdogo akaongeza kwamba hata mpaka wenyewe umesogezwa, mkubwa akasema kijana hana heshima, ikafika mahali matanga ya mjomba wao mmoja alikuja asubuhi mwingine akangoja mpaka mwenzake aende.

Huyo mama aliitwa na bibi ya mkubwa. Hakwenda kwa mkubwa kwanza. Alimtuma mtoto aulize mdogo kama naye anataka aje, juu akija na mwaliko wa upande mmoja ni kama amekuja na panga. Mdogo akakubali kwa shingo upande. Jioni watu wakishakamua akaenda kwa huyu na siku hiyo hiyo akaenda kwa yule, na mahali alikunywa chai ya kwanza ilibidi anywe na ya pili ijapokuwa tumbo limejaa, kwa sababu majirani wanahesabunga vikombe. Kwa mkubwa akaulizwa, na huyo alisema nini juu yangu? Akajibu, utamuuliza mwenyewe nikimleta. Hakubeba neno hata moja kuvuka ua. Swali lake lilikuwa moja kwa kila mtu, ukipata nini utalala? Na hapo ndio ikatokea kitu, mdogo hakutaja mpaka kwanza, alitaja mahindi, gorogoro kumi, ile mikebe ya kupimia mahindi, na akataja kwamba ndugu yake hajawahi kuja kusema pole. Mkubwa naye alisema alitaka kusema pole lakini aliitwa mwizi mbele ya watoto wake.

Walikutana kwa liguru, yule mzee wa kijiji, chini ya mwembe, si kwa mmoja wao, na si kanisani pia, manake mmoja ni wa Friends, wale Quakers, na mwingine ni wa Pentekoste na ukichagua kanisa umechagua mshindi. Mkubwa akasema gorogoro sita anazo. Mdogo akakaa kwa kumi. Wakavutana hapo jua likasogea. Huyo mama akamwita msichana wake akamnong'oneza, msichana akaenda akarudi na gorogoro mbili za mahindi kutoka kwa ghala ya mama mwenyewe akaziweka juu ya zile sita. Watu wengine walicheka. Mdogo hakucheka, aliangalia hizo mahindi akasema basi nane zinatosha. Mkubwa akasema pole. Na walipotaka waendelee na mpaka yeye akasimama akafunga leso, akasema hiyo si yangu, hiyo ni ya wazee na chifu na mpimaji wa ardhi, mimi nilikuja kwa hii mmeshamaliza. Ni kama amesoma Luka 12 ile asubuhi.

Zile gorogoro mbili ndizo ufafanuzi wote ninaotaka kutoa. Watu wanafikirianga kupatanisha ni kumsukuma aliyeumizwa asamehe, yaani mpatanishi anakuja na maneno matamu na mwenye hasara ndiye analipa, anaachilia mahindi yake ndio wewe uitwe mwana wa Mungu. Biblia haifanyi hivyo. Paulo akimwandikia Filemoni juu ya Onesimo, mtumwa aliyetoroka, hakusema tu msamehe. Alisema kama amekudhulumu ama ako na deni lako liandike juu yangu, na akaongeza mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa. Na huyo mtu alikuwa gerezani! Lakini kalamu yake iliweka sahihi kwa deni lisilo lake.

Abigaili, 1 Samweli 25, ni hivyo hivyo na mimi huyu ndiye nampenda zaidi. Daudi na watu wake walikuwa wamelinda wachungaji wa Nabali huko nyikani, wakati wa kukata manyoya ukafika wakaomba chakula, Nabali akawatukana, akauliza Daudi ni nani, watumwa siku hizi ni wengi wanaotoroka mabwana zao. Daudi akafunga upanga, watu 400 nyuma yake. Abigaili anaambiwa na kijana wa kazi, hapotezi wakati, anapakia punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano wameshatengenezwa, bisi, zabibu kavu, tini. Halafu anashuka mlima kukutana na watu wenye panga. Na maneno yake kwa Daudi hayana uongo, hakusema mume wangu ako sawa, alisema huyo ni mpumbavu, na hakumwambia Daudi madai yako ni bure. Chakula alichobeba ndicho kile watu wa Daudi walikuwa wamenyimwa. Kwa hivyo alisimamisha damu na akalipa deni kwa safari moja. Angekuja mikono mitupu na mstari wa kusamehe sijui kama sura hiyo ingeisha vile iliisha.

Na sasa tuseme pale ambapo hii kazi inageuka kuwa dhambi, manake nako kupo na ni kwingi. Kuna kesi ambazo si ugomvi. Mtoto amenajisiwa, mke anapigwa, halafu wazee wanakaa, mbuzi inatolewa, pasta anafungua kwa maombi na kufunga kwa maombi, wanasema yameisha nyumbani. Sheria ya makosa ya kingono ya 2006 haijampa mzee wa kijiji wala mchungaji wala hata mzazi wa mtoto nguvu ya kufunga hiyo kesi. Mnakumbuka Busia mwaka 2013, msichana akabakwa na kundi la vijana na adhabu waliyopewa na polisi ikawa ni kufyeka nyasi za kituo. Nchi nzima ikapiga kelele, dunia ikapiga kelele, na baadaye baadhi yao wakafungwa. Nani hapo hakutaka amani? Wote walitaka amani, ila ilikuwa amani ya kituo na kijiji, na mwenye kulipa alikuwa huyo mtoto.

Watu wanaleta 1 Wakorintho 6 hapo, Paulo alisema msipelekane kortini mbele ya wasioamini. Soma mstari wa pili, anaongea juu ya mambo yaliyo madogo, na wa saba na wa nane anaongea juu ya watu wanaonyang'anyana. Ni kesi za mali. Haongelei mtu aliyevunjwa mkono na mume wake. Ukipata mama namna hiyo kumtafutia amani ni kumpeleka hospitali, apate mahali salama pa kulala na ripoti iandikwe, na msamaha kama utakuja utakuja na miguu yake mwenyewe siku yake. Pasta anayemrudisha jioni ile ile na Biblia mkononi hajapatanisha mtu.

Kesi zingine zote, za mahindi na madeni na maneno, hata Katiba ya 2010 inazipenda zimalizwe hivyo, Kifungu cha 159 kinaambia korti zihimize upatanisho na njia za jadi. Kwa hivyo huyo mama wa Vihiga hafanyi kitu cha kichochoroni.

Sasa ikikuwa si watu wawili ni makabila mawili? Hapo wengi wanakataa tamaa na naelewa kwa nini. Mwisho wa Januari 2008, kwa zile fujo za baada ya uchaguzi, Nakuru ilichomeka, watu wakajaa Afraha na uwanja wa maonyesho na masanduku na magodoro, na kabla ya hapo, tarehe 1 Januari, huko Kiambaa karibu na Eldoret watu walikuwa wamejificha kanisani na kanisa likachomwa wakiwa ndani. Kanisani. Na mwaka huo huo baraza la makanisa, NCCK, lilikubali hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wamechukua upande, kila askofu na kabila lake na chama chake. Unaona vile inarudi kwa lile swali la Luka 12? Ukishakuwa wa mmoja huwezi kuwa mpatanishi wa wawili, hata uwe na joho refu namna gani.

Kilichofanyika Nakuru baadaye hakikuwa na mwujiza. Wazee wa Kikuyu na wazee wa Kalenjin walikaa vikao vya zaidi ya mwaka mmoja, wakisaidiwa na tume ya uwiano na watu wa amani wa serikali, wakitaja mashamba, wakitaja majina ambayo upande mmoja huita upande mwingine, wakasusia, wakarudi, na Agosti 2012 wakaweka sahihi mkataba. Uchaguzi wa 2013 Nakuru ikapita salama. Mimi sipendi kudanganya watu hapa, hao viongozi wakubwa wa jamii hizo mbili mwaka huo walikuwa wameungana kwa muungano mmoja, na hiyo ilisaidia sana, sijui kama mkataba peke yake ungebeba. Lakini muungano wa wanasiasa unavunjika mtu akikosa cheo, na wale wazee bado wanajuana kwa majina.

Na huku magharibi kuna Friends. Walifika Kaimosi mwaka 1902, wamisionari watatu Wamarekani, na leo Kenya ndiyo nchi iliyo na Friends wengi kuliko nchi yoyote duniani. Hawa tangu karne ya 17 huko Uingereza wamesema hawabebi silaha, si kwa vita vya mfalme si kwa vita vya mtu yeyote, na mwaka 1947 mashirika yao mawili yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Baada ya 2008 walitumia sana mafunzo fulani yaliyoanzia gereza moja la jimbo la New York mwaka 1975, wafungwa wenyewe waliwaomba Friends wawasaidie vijana wasiingie kwa fujo. Mnakaa duara, hakuna mbele wala nyuma, na kitu cha kwanza kila mtu anajipa sifa moja ya kwenda na jina lake na anaitwa hivyo siku zote za mafunzo. Inaonekana mchezo wa watoto mpaka umwone mzee wa miaka sitini anajiita Mpole na anayemwita hivyo ni kijana wa kabila aliyemkimbiza.

Huko Sondu, mpakani mwa Wajaluo na Wakipsigis, ni hadithi ndefu ambayo inataka makala yake. Ila nikisema kwa ufupi, soko ni moja, siku ya soko ni moja, ng'ombe zikiibiwa usiku asubuhi wauza nyanya wa pande zote ndio wanakosa ya jioni, na mara nyingi viongozi wanaofika na magari hawanunui hata nyanya.

Kitu cha mwisho ni kwamba hii kazi inashindwanga, na Yesu alijua. Alipotuma wale sabini kwenye Luka 10 aliwaambia wakiingia nyumba yoyote waseme kwanza amani iwemo nyumbani humu, na kama hakuna mwana wa amani pale, hiyo amani itawarudia wao. Hakuwaambia walale mlangoni mpaka watu wakubali. Hakuwaambia pia wakasirike waanze kutoa pepo kwa hiyo nyumba. Huyo mama wetu wa Vihiga ako na kesi ambazo ziko hapo tu, watu wamekataa, na yeye anasalimia pande zote mbili sokoni akiendelea na sukuma wiki zake.

Kwa hivyo kama kanisa lako liko Rhonda ama Kaptembwo hapa Nakuru ama Kondele kule Kisumu na mmeanza kupanga maombi ya amani ya uchaguzi wa Agosti 2027, hema na spika si ndio za kuanza nazo. Komiti ianze kutembea sasa, wawili wawili, wa makabila tofauti, waende kwa ile ploti na kwa lile kanisa lingine la ng'ambo ya barabara, wakunywe vikombe vyote viwili. Wale wazee wa Nakuru iliwachukua zaidi ya mwaka na walikuwa wanajua wanaongea na nani, nyinyi bado hata namba za simu hamna. Nyumba ikikataa, mnaenda ya pili.